Mgeni wa Kiangazi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia msemo huu kumcheka mgeni anayekaa mno. Mimi nimeutumia miaka mingi kama kipimo cha vitabu. Kila nipatapo maandishi ya mtu aliyetembelea mahali, hasa mji wa kale uliokaa juu ya kilima, huuliza kwanza: huyu alifika mwezi gani, alikaa siku ngapi, na je, alilishika jembe au aliliona tu likishikwa? Majibu ya maswali hayo hunipa nusu ya thamani ya maandishi kabla sijafungua ukurasa wa pili.

Nautaja mji wa kilimani kwa sababu. Mji wa pwani, au wa kando ya reli, mpita njia aweza kuuelewa kwa kiasi fulani, maana uliwekwa hapo kwa ajili ya wapita njia. Mji wa kilimani haukuwekwa kwa ajili yao. Mara nyingi uliwekwa ili wasiufikie kwa urahisi. Sababu za kuwapo kwake zimo katika mvua, maji, malisho na umbali wa mashamba, na mambo hayo hayajionyeshi yote kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Yanahitaji mwaka mzima.

Huku kwetu Buha kilima chenye historia kubwa ni Heru Juu, wilayani Kasulu, palipokuwa makao ya Mwami wa Heru. Nyumbani kwangu ni Mtendeli, lakini kazi ya ualimu ilinikalisha Kasulu muda mrefu, na kilima hicho nimekipanda karibu katika miezi yote: kwanza nikiwa na wanachuo, na baada ya kustaafu kwa sababu wakwe zangu wako huko. Naomba msomaji anivumilie nieleze mwaka wa kilima hicho kwa ufupi, kwa kuwa bila huo hoja yangu juu ya vitabu haitasimama.

Mgeni huja kiangazi. Kuanzia Juni njia ni kavu, pikipiki inapanda bila kuteleza, shule zina likizo, na mwenyeji ana nafasi ya kuketi. Mahindi yamekwisha kuvunwa, maharage yako ndani, harusi zinafungwa, pombe ipo. Asubuhi kuna baridi kali kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Mgeni huona vumbi jekundu, nyasi zilizoungua na watu wenye muda wa kutosha, akarudi kwao akaandika kwamba Heru ni mahali pakavu penye watu wa taratibu. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata mandhari aliyoyafuata hakuyaona. Kufikia Agosti moshi wa mioto ya mbugani umetanda, na upande wa bonde la Malagarasi hakuna kinachoonekana ila ukungu wa kijivu.

Mvua za kwanza, Oktoba na Novemba, huiosha hewa. Hapo ndipo macho hufika mbali, na mtu huelewa kwa nini mtawala alitaka kukaa hapo. Lakini mwezi huo hakuna wa kukueleza. Ukibisha hodi saa nne asubuhi utajibiwa na mtoto: babu yuko shambani, bibi yuko shambani, kila mtu yuko shambani. Jioni watoto wanakimbiza kumbikumbi, na wakubwa wanakula kimya na kulala mapema kwa uchovu. Mgeni wa Novemba huandika kwamba kijiji kimehamwa.

Desemba na Januari kilima ni kijani kutoka kilele hadi bondeni. Mpiga picha angekuja wakati huo asingetaka kuondoka. Na huo ndio wakati ambao sufuria ni nyepesi kuliko wakati wowote. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu hayajabeba, na muhogo ndio unaoziokoa nyumba. Uzuri wa kilima na njaa ya kilima huja pamoja, na mtu asiyelijua hilo ataandika sifa ambazo mwenyeji akisomewa atanyamaza kwa adabu.

Februari mvua hupungua kidogo. Maharage hung'olewa na kuanikwa, na watu hutazama mawingu wakijiuliza kama mvua itarudi kuyamalizia mahindi. Machi na Aprili hurudi kwa nguvu, na ule mteremko uliokuwa kitu cha kupendeza mwezi wa saba sasa ni adui. Maji yako chini bondeni. Mwanamke hushuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa kwenye udongo unaoteleza kama sabuni. Mama mkwe wangu alinieleza mara moja kwamba kilima hiki wanaume wanakijua kwa macho na wanawake wanakijua kwa magoti. Katika vitabu vyote nitakavyovitaja sijakutana na maelezo yanayoshinda hayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Si mandhari tu yanayobadilika kwa majira. Historia yenyewe hubadilika. Nilipowauliza wazee wa Heru habari za zamani wakati wa kiangazi, walinieleza juu ya Mwami: ukoo wake, ng'ombe wake, watware wake, na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeketi Heru katika miaka ya 1950, kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963. Nilipowauliza wazee walewale Oktoba, macho yao yakiwa mawinguni, walinieleza juu ya abateko, wale wenye ardhi ambao katika Buha ya kale waliibariki mbegu na kuombea mvua, na ambao Mwami mwenyewe hakuweza kuwapuuza. Hawakuwa wakinidanganya mara ya kwanza. Kiangazi ng'ombe na harusi viko mbele ya macho, na kumbukumbu hufuata macho. Wakati wa kupanda, mbegu iko mkononi, na kumbukumbu hufuata mkono. Kwa hiyo mtafiti aliyekuja Julai pekee ameandika historia ya wafalme, akidhani ameandika historia ya Heru.

Kwa kipimo hicho nimevisoma vitabu vya wageni. Nianze na Henry Stanley, maana ndiye anayetajwa zaidi katika mkoa wetu. Alipita Buha mwanzoni mwa Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, akifika Ujiji tarehe 10 ya mwezi huo. Kilima cha Heru hakukipanda, alikata kusini. Kitabu chake cha mwaka 1872 kinasomeka haraka na kwa raha, na sitakataa kwamba ana jicho kali. Lakini kurasa zake za Buha zimejaa jambo moja: hongo. Mtware Mionvu anamdai nguo 100, mwingine anamdai zake, na hatimaye msafara mzima unatoroka usiku porini, ukiongozwa na mwenyeji aliyelipwa, kila mtu akiamriwa asitoe sauti. Huyu ni mgeni aliyepita katikati ya nchi ya wakulima kwenye majuma ya kulima, na kilichomshughulisha ni bei ya kupita. Msomaji wa Ulaya aliachwa na picha ya Waha kama watoza ushuru. Mtu anayetoroka usiku hawezi kuona shamba.

Mfano wa pili uko mbali na kwetu, lakini Waha wanaujua kwa uchungu. Vijana wengi wa Buha walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na kutoka huko chini waliitazama milima ya Usambara kila asubuhi. Juu yake ndiko ulikokuwa Vuga, mji mkuu wa Wakilindi, na hakuna mji wa kilimani katika Tanzania ulioandikwa kuliko huo. Kwa hiyo unatufaa kama shule.

Richard Burton na mwenzake Speke waliupanda mlima wa Vuga Februari 1857. Walilala usiku mmoja. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, akamdhania Burton kuwa mganga na kumtaka dawa. Burton anakadiria watu wa mji kuwa 3,000, na anaeleza mwenyewe kwamba mgeni hakuruhusiwa kuingia mjini. Kisha bila haya anatoa hukumu juu ya mfalme, watu wake na tabia zao. Ni mwandishi mwenye elimu kubwa ya lugha na mwenye kiburi kikubwa zaidi, na usiku mmoja ulimtosha. Johann Krapf, aliyemtangulia, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alimfikia Kimweri mara 2, katikati ya mwaka 1848 na mwanzoni mwa mwaka 1852, naye alikuwa na shabaha yake ya misheni. Lakini kule kurudi tu, na kurudi katika majira mengine, kulimpa maandishi yake uzito. Mtu anayerudi huulizwa habari za safari, hukumbukwa jina, na huanza kuambiwa mambo.

Kisha kuna Steven Feierman, Mmarekani aliyekaa Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Hapa mwanadarasa anakutana na mgeni aliyekaa mpaka siku ya tatu. Ni yeye anayetuonyesha kwamba vijiji vya Washambaa vilipenda kukaa karibu na ukingo wa mlima, si kwa ajili ya ulinzi tu, bali ili watu waweze kulima pande mbili, juu penye baridi na chini nyikani, jira moja likikataa jingine likubali. Anatuonyesha pia kwamba mfalme alipimwa kwa mvua: mfalme mwenye nguvu huiponya nchi, na wafalme wakigombana nchi hudhurika na njaa huingia. Burton asingeweza kuliona hilo hata angekuwa na macho manne, kwa kuwa halionekani usiku mmoja. Kasoro ninayoiona ni mbili. Kitabu cha 1974 bado kimeelemea sana upande wa watawala. Mwenyewe aliwageukia wakulima zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1990. Na vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, hata wajukuu wa wazee waliomsimulia hawana njia rahisi ya kumsahihisha.

Kwa bahati Vuga ina kitabu cha Kiswahili pia, Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapishwa upya mwaka 1962. Mwandishi si mzaliwa wa mlimani, lakini aliishi na watu wale na kuwatumikia watawala wao, na Kiswahili chake hakimtazami mtu kutoka juu. Kimejaa fitina na vita, nami sikubaliani na wanaokisoma kama kumbukumbu ya mahakama. Hata hivyo tazama kinavyoanza: Mbegha ni mwindaji wa nguruwe, mnyama anayeharibu mazao, naye anawagawia watu nyama. Ufalme wote unaanzia ukingoni mwa shamba. Mwandishi aliyekaa muda mrefu na watu hawezi kulisahau jembe, hata anapotaka kusimulia mikuki.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawalaumu Wazungu kwa kuwa Wazungu. Miongoni mwa vitabu vilivyoachwa na mwalimu wa kigeni chuoni kwetu kilikuwamo South from Granada cha Gerald Brenan, kilichotoka mwaka 1957. Mwingereza huyo alihamia Yegen, kijiji cha milimani kusini mwa Hispania, mwaka 1920, na vitabu vyake kiasi cha 2,000, akaishi hapo kwa vipindi hadi miaka ya 1930. Rafiki zake mashuhuri wa London walimtembelea, mmoja wao Virginia Woolf, wakateseka kwa njia na vyakula, wakaondoka. Yeye alibaki. Ndiyo maana kitabu chake kinaufuata mwaka wa kijiji, sikukuu kwa sikukuu na kazi kwa kazi, na nilipokisoma mara nyingi nilisahau kwamba wale si Waha. Lakini hata yeye nampima kwa jembe. Brenan aliishi kwa fedha alizotoka nazo kwao. Mvua ikikosa Yegen, yeye alikuwa na mkate. Mwaka wa kijiji aliuona wote, ila haukumpata. Tofauti hiyo iko katika kila ukurasa, kama mtu asimuliaye homa asiyoiugua.

Jambo hili si la vitabu vya zamani tu. Jina la Mtendeli lilijulikana mbali kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2021. Niliwaona wageni waliofika kwa gari asubuhi na kuondoka jioni. Waliokuja Agosti walipiga picha za vumbi, dunia ikaambiwa kuhusu kiu. Waliokuja Aprili walipiga picha za matope, dunia ikaambiwa kuhusu baridi na mahema yanayovuja. Watu walikuwa walewale, na kiu na baridi vyote vilikuwa vyao. Misaada hufuata maandishi, na maandishi yalifuata mwezi wa safari.

Lakini lawama yangu kubwa naiweka kwetu wenyewe. Kwa miaka mingi nilisahihisha insha za wanachuo juu ya historia ya mahali walipotoka. Karibu zote ziliandikwa baada ya likizo ya Juni, na karibu zote zilifanana: urefu wa kilima, orodha ya watawala, mwaka Wajerumani walipoingia, mwaka Waingereza walipoingia, mwisho shukrani. Nakumbuka binti mmoja, mzaliwa wa Heru Juu kabisa, aliyeleta insha ya namna hiyo. Ilikuwa safi, haina kosa la herufi, na ilisomeka kama imeandikwa na Burton akiwa na adabu. Nikamwita nikamwuliza Februari kwao kukoje. Alifikiri namtania. Kisha akaanza: jinsi wanavyoanika maharage juu ya mkeka na kukimbia kuyaingiza wingu likitokea, jinsi bibi yake anavyojua kwa upepo kama mvua itarudi, nani hukopeshana chakula na nani na hulipana nini wakati wa mavuno, ni kijito gani hukauka kwanza. Alizungumza hadi kengele ya chakula. Nilipomwuliza kwa nini hakuyaandika hayo, alijibu kwamba hayo si historia.

Jibu lile hakulitunga yeye. Sisi walimu tulimfundisha, kwa vitabu tulivyompa na kwa alama tulizogawa. Mtoto aliyezaliwa na jembe mkononi alifundishwa kuandika juu ya kwao kama mgeni wa siku moja, na akafanya hivyo vizuri akapata daraja la kwanza. Huo ndio msiba ninaotaka msomaji auone. Mgeni akiandika ovyo, mwenyeji anaweza kumjibu. Mwenyeji akianza kuandika kama mgeni, hakuna anayebaki wa kujibu.

Na muda si mwingi. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwatoa watu wengi wa Buha kwenye makazi yao ya vilimani na kuwapanga katika vijiji. Waliokuwa watu wazima wakati ule, waliojua kila kilima kililimwa nini na mwezi gani, wengi wamekwisha kuzikwa. Mvua nazo hazishiki tarehe kama zamani, na vijana husema kwamba elimu ya bibi ya kusoma upepo haifai tena. Huenda. Lakini hata kama haifai kwa kupanda, inafaa kwa kutueleza kwa nini watu waliishi walipoishi, na jinsi walivyopita Januari wakafika Aprili.

Nionavyo mimi, kitabu kinachohitajika juu ya Heru kingekuwa na sura 12, kila mwezi sura yake. Wafalme wangeingia humo, kila mmoja katika mwezi ambao watu humkumbuka, na abateko wangeingia katika wao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji madaftari, na shule za msingi za kilimani ambazo walimu wake watawaachia watoto waandike kila Ijumaa: wiki hii mvua ilinyesha siku ngapi, nyumbani tulikula nini, maji tuliyachota wapi, na babu au bibi alisimulia nini bila kuulizwa. Hayo ya mwisho yasisahaulike. Mzee akiulizwa hujibu swali la mwulizaji; asipoulizwa husimulia kile ambacho majira yamemletea.

Walimu wawili wa huko, waliokuwa wanafunzi wangu, nimewapelekea pendekezo hili kwa barua. Mmoja amenijibu kwamba ataanza mvua zikianza, kwa kuwa sasa ni Agosti na hakuna la kuandika. Nimemwandikia aanze Ijumaa hii.